Pikapu Iliyotazama Barabara

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, mwenye nyumba alitoka uani na kitambaa cheupe begani kwenda kupima oili ya pikapu yake. Aliinua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha mahali pake, akakichomoa tena na kukiinua juu penye mwanga kama daktari anayesoma picha ya mifupa. Nyumba nzima ilinyamaza ikisubiri majibu.

"Imekula tena," alitangaza.

Alilitamka neno hilo kwa majivuno, kama mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anakula sana huku akiomba majirani wasikie. Kisha akamimina oili kidogo kidogo kutoka kwenye dumu, akafunga boneti na kuipigapiga mara mbili kwa kiganja.

Mkewe alikuwa akimsikia kutoka barazani, kwenye cherehani yake. "Pole yake," alijibu, macho yakiwa kwenye pindo la sare ya shule.

Mume huyo alikuwa dereva wa wakurugenzi maisha yake yote ya kazi. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, yeye akabaki pale pale nyuma ya usukani, na alipostaafu aliondoka na pikapu kuukuu ambayo ofisi iliipiga mnada kwa kuona haya kuendelea kuwa nayo. Mtaani walimwita Mkurugenzi. Walikuwa wakimcheka, na yeye alilijua hilo, lakini aliitika kila walipomwita, maana heshima ya mzaha nayo ni heshima kama umekosa nyingine.

Ua wao ulikuwa mteremko mtupu, lango juu, nyumba chini. Beseni la kufulia la mkewe likijazwa lilimwagika upande wa nyumba, ilhali upande wa lango ukingo ulibaki mkavu kiganja kizima. Mama yule alishazoea kuliwekea kipande cha tofali chini ndipo maji yatulie. Mtu mwingine angelaza gari nje, kando ya ukuta wa kinyozi, palipo tambarare kama meza. Mkurugenzi hakutaka kusikia.

"Gari la mkubwa halilali limetazama ukuta," alisema. "Gari la mkubwa linatazama barabara. Mkubwa akitoka, ni kuwasha na kuondoka."

"Mkubwa yupi?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Ni utaratibu tu, mama."

Kwa hiyo kila jioni aliingia uani kinyumenyume, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na pikapu ikalala pua juu, matako chini, ikiwakodolea macho wapita njia.

Tabu ilianzia kwenye mikate.

Mwenye kiwanda cha mikate, mwanamke mpana wa mwili na mfupi wa maneno, alikuwa akitafuta gari la kusambazia mikate madukani kila asubuhi. Haikuwa kazi ya kubeba mchanga leo na kukaa wiki mbili unasubiri mtu anayehama nyumba. Hii ilikuwa kazi ya kila siku, ya uhakika, na kwa nyumba iliyokuwa ikila kwa nguvu ya cherehani peke yake, ilikuwa kama mlango uliofunguliwa ghafla. Mkurugenzi alinyoa ndevu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akipakia na kupakua mizigo kwenye gari hilo, alifua shati lake la pekee lenye kola. Binti yao, aliyemaliza chuo na shahada ya biashara ambayo mpaka sasa biashara yenyewe ilikuwa haijaiona, alikwaruza matope kwenye namba za gari kwa kisu cha jikoni.

Walifika kiwandani Ijumaa. Wakati wa kwenda pikapu ilikohoa, lakini Mkurugenzi alisema ni baridi. Mwenye kiwanda alitoka na vazi lake jeupe, kofia nyeupe, mikono imejaa unga.

"Iwashe niisikie," alisema.

Mkurugenzi aliiwasha, akakanyaga mafuta kidogo kuonyesha nguvu. Bomba la moshi likatoa wingu zito, la rangi ya buluu, likatambaa chini, likapanda ukutani, likaingia dirishani ambako mikate ilikuwa imepangwa kupoa. Ndani watu watatu walianza kukohoa. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna kinachoungua.

Mwenye kiwanda alisubiri mpaka uso wa Mkurugenzi ulipoonekana tena.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "mkate wangu unatoka hapa mweupe. Nataka umfikie mteja ukiwa mweupe."

"Ni baridi tu, bibie. Likipata moto—"

"Likipata moto si ndiyo tutakufa kabisa? Sikiliza. Nakusubiri Jumatatu kwa heshima ya mvi zako. Likija bila moshi, pakia. Likija na moshi, usisimame hata kunisalimia. Pitiliza tu."

Walianza kurudi nyumbani. Njiani shemeji mtu alijaribu kuchangamsha. "Angalau amesema una heshima, Shemeji."

"Amesema nina mvi," alijibu Mkurugenzi.

Habari iliwatangulia mtaani kabla hata ya moshi. Walipofika, kinyozi alikwishatoka nje na kitana mkononi, mteja wake akamfuata akiwa amenyolewa nusu kichwa, na muuza vipuri vya baiskeli akaja na kiti chake mwenyewe. Pikapu ikaingizwa uani kinyumenyume kama kawaida, na baraza likakaa mbele ya boneti.

"Unaitilia lita ngapi?" kinyozi aliuliza.

"Inavyotaka," alijibu Mkurugenzi.

"Injini ya namna hii ni lita nne. Marehemu kaka yangu alikuwa nayo."

"Kaka yako alikuwa na pikipiki," alisema muuza vipuri. "Hii ni injini ya kiume. Lita saba, nane, usiionee."

"Hata unywaji wa mtu haulingani," alisema yule mwenye nusu kichwa, ambaye hakuna aliyejua anatoka wapi. "Iache inywe mpaka ishibe."

Binti alitoa simu yake. "Kitabu cha gari kinasema lita tano na nusu, pamoja na filta. Nimekipakua hapa."

Wazee walimtazama kwa huruma. "Kitabu kinazungumzia gari jipya, mwanangu," alisema kinyozi. "Hili lina mazoea yake."

Mwishowe aliitwa fundi. Mtaani walimwita Tufungue, kwa sababu hajawahi kukutana na ugonjwa wa gari ambao dawa yake haikuwa kuifungua injini yote. Taa ikikataa kuwaka, yeye husema tufungue. Alikuja na mikono nyuma, akanusa moshi, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Kisha akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

"Mzee, ulipima lini?"

"Leo asubuhi. Na nikaongeza."

"Umeongeza asubuhi, jioni haipo. Imekwenda wapi?" Alilionyesha bomba la moshi kwa kidole. "Imepitia pale. Ringi za pistoni zinazoizuia zimekwisha. Inaunguza oili kama taa ya kibatari. Tufungue."

Hakuna aliyeweza kubisha, kwa kuwa kila kitu kilikubaliana. Kijiti kilisema hakuna oili, moshi ukasema oili inaungua. Hata binti na shahada yake alibaki kutafuna mdomo. Tufungue alitaja gharama ya ringi, pistoni na kazi ya mikono yake, akaitaja kwa sauti ya chini ya mtu mstaarabu, na baraza zima likakumbuka kwamba lilikuwa limeacha shughuli zake. Kinyozi akarudi kumalizia kichwa.

Jioni ile Mkurugenzi hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama nyuma ya mkewe, akimwangalia anavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Alikohoa. Akasogeza boksi la vifungo lililokuwa limekaa vizuri tu.

"Sema," alisema mkewe bila kugeuka.

"Yule mwenzako wa karibu na gereji, mshona mapazia. Si alikuwa akiitaka hii cherehani?"

Mguu wa mama ukasimama juu ya pedali.

"Ni ya muda tu," mume aliharakisha. "Tukianza kubeba mikate, mwezi mmoja, miwili, tunaikomboa. Au tunanunua nyingine mpya. Ya umeme."

"Na sare za watoto wa watu zilizomo humu ndani?"

"Umalizie usiku huu."

Mama aliitazama cherehani. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka pale kiganja chake kinapopumzika. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba hii cherehani haijawahi kutoa moshi mbele ya wageni. Lakini alimwona mumewe alivyokunja kile kitambaa cheupe, akakikunjua na kukikunja tena, akayameza maneno.

"Utaibeba wewe mwenyewe," alisema. "Sitaki niione inavyotoka."

Hata hivyo aliiona. Asubuhi ilipofika hakuweza kuiachia iende peke yake kama mgonjwa asiye na ndugu. Aliifunga kwa khanga, akapanda nyuma ya pikapu pamoja nayo na kuikumbatia, binti upande huu, mdogo wake upande ule. Pikapu ikatoka langoni ikifuka. Kinyozi alisimama mlangoni, akaondoa kofia kichwani. Huenda alikuwa akijipepea tu, lakini mama aliuma meno.

Ilikuwa gereji ya uwanja wazi, sakafu ya zege iliyosawazishwa vizuri, ndoo na magurudumu kila upande. Duka la mshona mapazia lilikuwa ng'ambo ya barabara na lilikuwa halijafunguliwa. Tufungue naye alikuwa amekwenda kunywa chai. Wakazima gari, wakasubiri. Jua lilianza kuwa kali, mama akashuka, akaona mumewe amekaa juu ya gurudumu na kitambaa chake, hata hajafungua boneti. Kwa mara ya kwanza tangu pikapu iingie nyumbani kwao, asubuhi ilikuwa inapita bila kupimwa oili.

Hilo lilimuuma kuliko moshi. Akafungua boneti yeye. Akachukua kitambaa begani kwa mumewe, naye hakuzuia. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa.

Akakitazama kwa muda mrefu.

"Baba," alisema. "Njoo."

"Niache, mama."

"Njoo uone kitu."

Oili haikuwa kwenye ncha. Haikuwa kwenye alama ya chini wala ya juu. Ilikuwa imepanda kijiti chote, ikapita alama zote mbili na kuendelea na safari, mpaka karibu na kishikio. Ilikuwa ikitiririka kwenye vidole vyake.

"Umepima vibaya," alisema Mkurugenzi, akainuka. Alikifuta mwenyewe, akakirudisha kwa utaratibu wake wote, akakichomoa. Oili ile ile, mpaka kwenye kishikio. Akakigeuza upande wa pili kana kwamba kijiti kingebadili mawazo.

"Jana ilikuwa imekauka," alisema. "Tufungue mwenyewe aliona."

"Nani ametia oili?" aliuliza mama.

Shemeji mtu alianza kuyatazama mawingu ambayo hayakuwepo.

"Nimeuliza nani."

"Dada, sikiliza kwanza," alisema mdogo wake. "Mimi ndiye ninayeshinda na hili gari. Likifia njiani ataulizwa nani? Nilikuwa nikipima wakati Shemeji akilala mchana. Naikuta imekauka. Nikasema, mzee haoni vizuri siku hizi, kumwambia nitamvunjia heshima. Basi nikawa naongeza. Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Lita. Lita na kitu."

Binti alifunika uso kwa viganja viwili. "Mjomba! Mimi nilikuwa natia Jumamosi, mkienda kutazama mpira. Lita moja. Mbili. Kwa pesa ya kufundisha wale watoto hesabu. Nilipima, nikaona chini, nikajua Baba ameishiwa na hataki kusema."

Mama hakuwa na la kuwakemea. Alijifuta vidole, taratibu, kimoja kimoja.

"Na mimi," alisema. "Oili yangu ilikaa kwenye chupa ya mafuta ya cherehani. Baba akiingia kuoga, mimi natoka."

Wote watatu wakatazamana, na kicheko kikaanza kuwapanda, kicheko kile cha mtu aliyepona ajali. Halafu wakakumbuka, wakageuka kumtazama Mkurugenzi. Alikuwa amekishika kijiti kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe kila siku tunakuona, Baba," alisema binti.

"Mnayoiona ni ile ya asubuhi." "Kulikuwa na nyingine. Mkienda sokoni. Sikutaka mjue inakula kiasi kile. Nilisema mkijua, mtaona limezeeka, mtasema liuzwe."

"Gari limezeeka, Baba. Tunajua," alisema mkewe kwa upole.

"Gari," alisema Mkurugenzi. "Na dereva."

Shemeji mtu alipata shughuli ya ghafla kwenye kamba ya kiatu.

"Lakini kwa nini nyumbani inasoma imekauka?" aliuliza binti, akiwa na hasira na kitu asichokijua. "Sote tulipima. Sote hatuwezi kuwa vipofu."

Mama alitazama zege chini ya magurudumu, akatazama pikapu iliyosimama sawa, pua na matako kimo kimoja, namna ambayo hajawahi kuiona. Ndipo akaona, si pikapu, bali beseni lake.

"Beseni," alisema.

"Beseni gani?"

"La kufulia. Nikilijaza pale uani linajaa upande wa nyumba, upande wa lango kukavu. Mpaka niliwekee tofali." Alikitwaa kijiti mkononi mwa mumewe. "Hili gari linalala pua langoni. Oili yote inakimbilia nyuma. Kijiti kiko mbele. Sisi tulikuwa tunapima upande mkavu wa beseni."

Mkurugenzi aliangalia pikapu. Kama ni kubisha, hapa ndipo pangekuwa mahali pake, na mkewe alimwona akilitafuta neno la kubishia, akilikosa kulia, akilikosa kushoto.

Tufungue alirudi akijichokoa meno, spana tayari mkononi. Walimweleza. Alipima, akapima tena, akakuna kichwa.

"Basi ilizidiwa," alikiri. "Ikizidi inachapwa mle ndani mpaka inatoa povu, inatafuta pa kutokea, inaingia kwenye moto. Ndiyo huo moshi." Akafikiri kidogo, matumaini yakamrudia. "Ila kwa uhakika zaidi, tufungue tu tuangalie ringi."

"Kitakachofunguliwa hapa," alisema mama, "ni kile kizibo cha chini. Basi."

Waliingiza karai chini ya injini, kizibo kikalegezwa, oili ikashuka. Karai likajaa. Wakaleta ndoo. Mafundi wa magari mengine waliacha kazi wakaja kutazama, mmoja akauliza kama wamechimba kisima. Ndoo ikapita nusu. "Mzee," alisema mwingine, "wewe hukuwa na ringi mbovu. Ulikuwa na familia inayokupenda kupita kiasi." Uwanja ukavunjika mbavu. Mkurugenzi alisimama wima katikati ya kicheko kile, kama alivyokuwa akisimama kandoni mwa mlango wa gari akimsubiri mkubwa, na safari hii hakusema ni baridi.

Wakatia filta mpya na lita tano na nusu, binti akihesabu kwa simu mkononi, sauti ya juu, hata asiyetaka kusikia akasikia. Pikapu ikawashwa. Ikatoa wingu, kisha wingu dogo. Wakaizungusha na kuizungusha mitaa ya nyuma mpaka bomba likabaki linapumua tu kama mtu aliyelala. Ng'ambo ya barabara mshona mapazia alikuwa amefungua duka, akapunga mkono kwa furaha. Mama naye alimpungia, akapanda nyuma na kuifunga khanga ya cherehani fundo la pili.

Jumatatu mwenye kiwanda cha mikate aliwasubiri mlangoni. Alitoa leso nyeupe, akaishikilia kwenye mdomo wa bomba huku injini ikinguruma, kisha akaikunjua mbele ya macho ya watu wote. Palikuwa na doa dogo, la kijivu.

"Doa kama hili hata kwenye mashati ya mume wangu lipo," alisema mwanamke yule. "Pakieni."

Jioni, mizigo ya kwanza ikiwa imekwisha kufikishwa, pikapu ilikuja polepole mtaani. Mama alisikia injini kutoka barazani, mguu ukiwa juu ya pedali, akasubiri kusikia lango likifunguliwa na gari likirudi kinyumenyume. Hakulisikia lango. Injini ikazimwa mbali kidogo. Alisimama kuchungulia.

Gari lilikuwa nje, palipo tambarare, pua imekaribia kugusa ukuta wa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikwishatoka na kitana chake.

"He! Mkurugenzi! Leo gari la mkubwa limelala limetazama ukuta? Na mkubwa akitaka kutoka?"

Mkurugenzi alifunga mlango, akauvuta kuhakikisha, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho sasa hakikuwa cheupe hata kidogo.

"Mkubwa hatoki leo," alijibu. "Yuko barazani, anashona."